DARI YA MBAO HUMALIZWA INGALI CHINI

(Maelezo ya Mkaguzi wa Vyama mbele ya makatibu, wajumbe wa bodi na wanachama wa vyama vya msingi.)



Nimeombwa nizungumze juu ya dari za mbao na namna ya kuzimaliza, yaani kuzipiga msasa na kuzipaka vanishi, mafuta au rangi. Huenda baadhi yenu mnastaajabu mkaguzi wa vitabu kuiacha leja na kushika brashi. Sababu ni kwamba fungu la "matengenezo ya ofisi", na mikopo ya wanachama ya kuboresha nyumba, ni mambo nikutanayo nayo mara kwa mara katika vitabu vyenu. Sehemu isiyo ndogo ya fedha hizo hupanda darini, na nyingine hushuka tena kabla ya miaka miwili kupita, ikiwa mbao zilizopinda na vanishi iliyobanduka. Chama kinachokopesha fedha hakiwezi kusema kuwa hayo si yake.

Nitayasema mengi, lakini lipo moja ambalo ningependa katibu alichukue hata akiyasahau mengine: dari humalizwa mbao zikiwa bado ziko chini, juu ya farasi za seremala. Kinachobaki kufanywa juu ya jukwaa ni mkono mmoja wa mwisho tu. Anayezigongomea mbao mbichi kwanza, kisha akatafuta brashi, amekwisha kuiharibu kazi, na hakuna vanishi ya bei yoyote itakayomwokoa.

Kwanza niwaeleze yaliyotokea katika chama kimoja ambacho sitakitaja. Bodi iliidhinishiwa na mkutano mkuu fedha za kuweka dari katika chumba cha mikutano. Mbao za saiprasi zilinunuliwa mwezi wa Aprili, mara tu zilipotoka kwenye msumeno. Mwezi wa Mei ziligongomewa na kupakwa vanishi mikono mitatu, na kila aliyeingia alisifu. Kufika Oktoba palikuwa na ufa kati ya kila mbao na mwenzake, na vumbi la juu ya dari lilikuwa likiwaangukia wajumbe mezani. Mwanachama mmoja alileta futi akapima. Stakabadhi ilisema mbao za upana wa sentimeta 10. Futi ikasema sentimeta 9.6. Mkutano haukuhitaji ushahidi zaidi. Katibu alishutumiwa kuwa alinunua mbao nyembamba na kutia tofauti ya bei mfukoni, na wapo waliotaka asimamishwe kazi siku ile ile.

Nilipofika nilikuta vocha zimekamilika, na stakabadhi ya muuzaji inaafikiana na kitabu cha fedha. Lakini vitabu peke yake havikuwatuliza watu, na sikuwalaumu. Kilichowatuliza kilikuwa darini penyewe. Nilipanda ngazi pamoja na wale waliokuwa wakilalamika sana, tukaangalia pembezoni mwa kila mbao. Uso wa mbao ulikuwa na rangi ya asali kwa sababu ya vanishi, ila kando ya kila ulimi palikuwa na mstari mweupe wa mbao tupu, wa upana wa milimeta 4 hivi. Mstari ule haukuguswa na brashi, maana siku ya kupaka ulikuwa umefichwa na mbao ya jirani. Basi mbao zilikuwa zimegusana mwezi wa Mei, na zimeachana baadaye. Kilichotoroka kilikuwa maji.

Yule katibu alisafishika. Hata hivyo fedha ya wanachama ilikuwa imepotea, tena kwa kiasi kile kile ambacho mwizi angaliweza kuchukua. Katika kumbukumbu za vikao sikuona mahali popote palipoandikwa kwamba mtu alizikagua mbao zile kabla ya kuzipokea. Hiyo ndiyo hoja niliyoiandika katika taarifa yangu.

Sasa tuitazame mbao yenyewe. Mbao hupungua na kuongezeka kwa upana wake, wala si kwa urefu. Mbao ya sentimeta 10 ikigongomewa ingali mbichi yaweza kupungua milimeta 3 au 4. Zidisha kwa mbao 35 zinazofunika chumba cha upana wa mita 3.5, utapata nyufa ambazo zikijumlishwa pamoja zapita sentimeta 10. Chini ya bati hali ni kali zaidi, kwa kuwa mchana joto la juu ya dari huikausha mbao upande wa mgongo, hali uso wake unapata hewa ya chumbani. Upande mmoja hukauka kuliko wa pili, na mbao hujikunja kama kigae.

Ninyi ni wakulima wa kahawa, kwa hiyo habari ya kukausha siwafundishi. Hakuna kati yenu ambaye angeifunga magunia kahawa ya maganda kabla haijafika unyevu wa sehemu 10 hadi 12 katika 100, kwa sababu mnajua itaota ukungu na daraja lake litashuka. Mbao ya dari yataka uangalifu ule ule. Katika nyanda zetu hizi unyevu wake usizidi sehemu 14 katika 100, na ikiwa 12 ni bora. Lakini msichukue kipima unyevu cha kahawa mkakielekeza kwenye mbao. Kimetengenezwa kwa punje za kahawa, na kwenye mbao kitawadanganya.

Mizani itatosha. Kata kipande kidogo, si katika ncha ya mbao bali kama sentimeta 40 kutoka nchani, kwa kuwa ncha hukauka mapema na kuficha ubichi wa katikati. Kipime kwa mizani ya gramu mara hiyo hiyo. Kisha kikaushe katika joto la wastani, ama ndani ya tanuri la mikate ama ndani ya sufuria yenye mchanga juu ya makaa machache, bila kukiunguza, ukikipima mara kwa mara hata uzito usipungue tena. Chukua uzito wa kwanza, toa uzito wa mwisho, gawanya kwa uzito wa mwisho, zidisha kwa 100. Kipande cha gramu 290 kilichoishia gramu 250 kilikuwa na unyevu wa 16: kingoje. Kilichoanza na gramu 400 kikaishia 250 kilikuwa na 60: hicho ni mti uliokatwa juzi. Hesabu hii haimshindi katibu yeyote hapa.

Mbao mbichi hazikataliwi, bali hununuliwa kwa bei ya mbao mbichi, kisha hukaushwa. Zipangeni kivulini, zikiwa zimeinuliwa kama sentimeta 45 kutoka ardhini. Kati ya safu na safu wekeni fito kavu za unene mmoja, kila baada ya sentimeta 60, na kila fito ikae sawasawa juu ya ile ya chini yake. Fito zikikosea mstari, mbao zitakauka zikiwa na mawimbi. Ncha zipakwe rangi yoyote ya mafuta zisipasuke. Wekeni uzito juu. Ama muda, sitautaja kwa miezi, maana mbao ya unene wa sentimeta 2 iliyopangwa penye upepo haiwezi kulinganishwa na ile iliyorundikwa nyuma ya ghala. Pimeni kila baada ya wiki mbili, na uzito ukituama kazi ianze.

Juu ya aina ya mbao nitasema kidogo. Saiprasi na paini zipatikanazo kwetu hutoka katika mashamba ya miti ya West Kilimanjaro na Rongai, na paini nyingine huja kutoka Sao Hill huko Mufindi. Zote mbili zafaa kwa dari. Paini ina utomvu, na vifundo vyake huvujisha doa la kahawia hata chini ya rangi nyeupe, isipokuwa vifundo hivyo vimepakwa shelaki kwanza. Kadhalika ipo grevilea, mti wa kivuli ulio katika vihamba vyenu wenyewe. Ikikaushwa taratibu hutoa dari yenye mchoro mzuri kuliko nyingi zinazonunuliwa kwa bei kubwa, na nashangaa kuona mwenye miti hiyo akikopa fedha ili akanunue paini. Mwenye kuikata afuate taratibu za kibali, na fundi ajifunge kitambaa puani, kwa kuwa vumbi lake huwawasha watu wengine ngozi.

Zipo pia mbao zilizotiwa dawa kiwandani, zenye rangi ya kijani. Aghalabu dawa hiyo ina shaba, kromiamu na arseniki. Ni nzuri dhidi ya mchwa, na kwa kenchi za paa sina neno nazo. Lakini kwa dari ya chumba cha kulala, ambako mbao itapigwa msasa na vumbi kumwangukia mtu usoni, sizipendekezi. Na vipande vyake vilivyobaki visichomwe jikoni kamwe, wala majivu yake yasimwagwe shambani. Nimewaona akina mama wakiokota vipande hivyo mahali pa ujenzi wakidhani ni kuni za bure. Ni wajibu wa chama kuwaambia, na kuvifukia mbali na maji.

Oili chafu ya magari nayo hutumika sana, kwa kuwa ni rahisi. Kwa nguzo za ua ni shauri la mwenyewe. Darini haifai hata kidogo: hunuka miaka, huwaka moto upesi, na vanishi wala rangi haitashika juu yake. Mbao iliyokwisha kunywa oili haitengenezeki tena.

Baada ya kukauka, mbao hupigwa randa, kisha msasa. Anzeni na namba 80 ikiwa randa imeacha makovu, endeleeni na 120, malizeni na 180, daima kwa kufuata nyuzi za mbao. Mkwaruzo wa kukata nyuzi hauonekani mbao ikiwa tupu. Vanishi ikipita juu yake hujitokeza wote. Vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, nasi tuwe tumefika kwenye brashi.

Mkono wa kwanza wa vanishi ya mafuta upunguzwe kwa tarpentaini, kama sehemu moja kwa tano au sita za vanishi, ili uingie ndani ya mbao. Upakwe pande zote: uso, mgongo, ulimi, mfereji unaopokea ulimi, na hasa ncha mbili, ambazo hunywa unyevu kuliko mahali pengine popote. Mafundi wengi hulalamika hapa. Husema, "Mgongo nani atauona?" Hakuna atakayeuona, ila umande utauona. Katika miteremko hii bati hutoa jasho alfajiri na kudondosha matone juu ya dari, na mgongo usiopakwa huyanywa. Ulimi nao ukipakwa, hata mbao ikipungua kidogo wakati wa kiangazi, kama itakavyopungua tu, hautaonekana mstari mweupe. Mkono wa pili upakwe usoni baada ya wa kwanza kukauka, kwa kawaida siku moja, na katikati yake pitisheni msasa mwororo namba 220. Ndipo mbao zipande.

Katika kugongomea, misumari iwe ya kutiwa zinki, maana mwingine hutoa kutu na kuacha doa jeusi. Ipigwe kwa kuinamishwa kupitia penye ulimi, ili mbao ifuatayo iifunike. Kila mbao ishikwe upande mmoja tu, iweze kutembea. Kando ya ukuta iachwe nafasi ya sentimeta moja, ambayo itafichwa na ubao wa pembeni. Chini ya mapaa pawe na matundu ya hewa yenye wavu wa kuwazuia popo, kwa sababu mkojo wa popo hupenya dari yoyote. Mkono wa tatu wa vanishi, ulio wa mwisho, hupakwa sasa, siku kavu isiyo na vumbi. Januari na Februari hufaa, mvua za vuli zikiwa zimekwisha na masika bado.

Ama kuchagua kati ya vanishi na rangi, watu hufuata macho yao, nami nina yangu. Sipendi dari nyekundu yenye kung'aa hata taa moja ya chumba ikaonekana kuwa mbili. Vanishi isiyong'aa sana huwa na heshima zaidi ofisini. Na ikumbukwe kuwa vanishi ya mafuta huzidi kuwa ya manjano kadiri miaka inavyopita. Nyumba yenye madirisha madogo, na nyingi zetu ziko hivyo, itakuwa na giza. Huko rangi nyeupe ndiyo ifaayo. Siku hizi zipo vanishi za maji, ambazo hazina harufu kali na hukauka kwa saa chache. Mkono wake wa kwanza husimamisha nyuzi za mbao, kwa hiyo msasa wa kati usirukwe. Jikoni pa kuni na makaa sishauri dari ya mbao kabisa. Moshi utaitia masizi, na siku cheche itakaporuka hapatakuwa na la kusema.

Wenye dari za zamani wasikimbilie msasa. Majengo ya vyama yalipita katika mikono mingi baada ya vyama vikuu kufutwa mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na si rahisi kujua nani alipaka nini. Rangi kuukuu yaweza kuwa na madini ya risasi. Isisuguliwe ikiwa kavu: ilowekwe maji, ikwanguliwe, na magamba yakusanywe, watoto wakiwa mbali. Na ikiwa dari si mbao bali ni bodi ngumu za saruji za miaka ile, zenye asbesto ndani yake, zisikatwe, zisitobolewe, wala zisipigwe msasa. Mwiteni mtaalamu wa wilaya.

Sasa nirudi kwenye vitabu. Chumba cha mita 4 kwa 3.5 kina dari ya mita 14 za mraba. Mikono mitatu usoni na mmoja mgongoni ni mita 56. Lita moja ya vanishi hufunika kama mita 10 juu ya mbao laini, basi zatakiwa lita 5.6, pamoja na ndimi na ncha tuseme 6. Mwanachama anayenunua kopo la lita 4 atapungukiwa, naye atarudi dukani mara mbili kuchukua kopo la lita moja moja, ambalo ndilo ghali kuliko yote. Wanachama 30 wakiagiza pamoja kupitia chama wanahitaji lita 180, yaani ndoo 9 za lita 20. Hapo ndipo ushirika unapoonyesha faida yake, maana mwenye duka huzungumza kwa adabu zaidi na mnunuzi wa ndoo 9.

Ila ndoo zikigawanywa katika vidumu, mambo matatu yaangaliwe. Ndoo ikorogwe hadi chini kila inapochotwa, hasa ya vanishi isiyong'aa au ya rangi, kwa sababu uzito wake hutuama, na wa kwanza atapata maji maji na wa mwisho tope. Kipimo kiwe kimoja, na mwanachama atie sahihi kwenye orodha mbele ya mjumbe, si mbele ya katibu peke yake. Na deni liandikwe katika leja ya mwanachama siku hiyo hiyo, wala lisingoje malipo ya pili ya kahawa.

Ghala la kahawa lisiwekwe vanishi, tina wala tarpentaini hata usiku mmoja. Kahawa hunywa harufu, na muonjaji ataitambua. Shehena nzima yaweza kushuka thamani kwa ajili ya kopo moja lililoachwa wazi. Na vitambaa vilivyofutia mafuta ya kitani au vanishi ya mafuta visikunjwe na kutupwa pembeni. Vikirundikana hupata joto vyenyewe na kuwaka bila kiberiti. Vitandazwe nje vikauke, au vitiwe ndani ya debe la maji.

Kwa mbao za ofisi, naomba bodi iteue watu watatu wa kuzipokea, na katika hati ya kupokea mali iandikwe idadi, upana, unene, na unyevu uliopimwa, pamoja na uzito wa vipande vilivyotumika. Mkataba wa fundi useme wazi kwamba sehemu ya malipo yake itazuiwa hadi kiangazi kimoja kipite. Fundi anayezijua mbao zake hatakataa.

Ndugu Mwenyekiti, nimeleta vipande vitatu vya saiprasi kutoka kwa wauzaji watatu, na mizani ya gramu iko mezani. Vilipimwa jana vikiwa kama vilivyonunuliwa, na uzito wa kila kimoja umeandikwa ubavuni mwake kwa penseli. Usiku vimekaa tanurini. Naomba makatibu wawili waje mbele tuvipime tena, tuone ni muuzaji yupi kati ya hao watatu angepaswa kulipwa.